Maswali ya wasomaji: Maji ya kisima chako yametoka wapi?

Barua za safari hii zimetoka pande zote za Dar es Salaam, Kigamboni hadi Tegeta, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: haya maji ninayoyavuta asili yake ni nini? Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Ndugu wahariri, nina kisima cha mita 45 hapa Kibada. Kilipochimbwa maji yalikuwa matamu. Sasa mwaka wa pili yana chumvi, hata chai hainyweki. Fundi mmoja anasema bahari imeingia, mwingine anasema ni chumvi ya udongoni. Nimeambiwa kipimo cha isotopu ndicho kitakachomaliza ubishi. Ni kweli?
*Msomaji, Kibada*

Kwa kisima chako, huenda kisiumalize, na tungependa uelewe sababu kabla hujatoa hela.

Maji ni hidrojeni na oksijeni, lakini atomu zake hazilingani uzito. Katika kila atomu 500 hivi za oksijeni, moja ni oksijeni-18, nzito kuliko oksijeni-16 ya kawaida. Katika kila atomu 6,400 hivi za hidrojeni, moja ni hidrojeni-2, ambayo wataalamu huiita deuteri. Atomu hizi za aina moja zenye uzito tofauti ndizo huitwa isotopu. Maji yakianikwa juani, yale mepesi hutangulia kuondoka na mazito hubaki. Wingu likigeuka mvua, mazito hutangulia kushuka. Ndiyo maana mvua, mto, bwawa na bahari kila kimoja kina alama yake. Maabara hulinganisha sampuli yako na maji ya bahari yaliyowekwa kuwa kipimo cha dunia nzima, kisha hutoa jibu kwa sehemu za elfu. Bahari ni takriban 0. Mvua ya pwani yetu kwa kawaida huwa hasi kidogo.

Sasa tupige hesabu. Tuseme kisima chako kina kloridi, ile sehemu kubwa ya chumvi, miligramu 1,200 kwa lita, na kisima kitamu cha jirani kina 150. Maji ya bahari yana kama 19,000. Toa 150 kwenye 1,200 upate 1,050, toa 150 kwenye 19,000 upate 18,850, gawanya. Ikiwa chumvi yote ni ya bahari, basi maji ya bahari yaliyoingia ni asilimia 5.6 tu. Ikiwa oksijeni-18 ya maji matamu ni hasi 3.5, asilimia hiyo itaisogeza kwa 0.2 tu kuelekea 0. Na mashine nzuri ya leza hukosea kwa 0.1 hadi 0.2. Yaani mabadiliko unayoyatafuta yamejificha ndani ya kosa la kipimo. Ulimi wako umeshaiona bahari kabla isotopu hazijaiona: asilimia 2 tu ya maji ya bahari huongeza kloridi kwa karibu miligramu 380 kwa lita, na watu wengi huanza kuonja chumvi kwenye 250 hivi.

Isotopu zitakusaidia kwa jambo moja tu hapo: kuondoa au kuthibitisha uvukizi. Kama oksijeni-18 imepanda kwa 1.5 au 2 wakati kloridi ni hiyo 1,200, bahari peke yake haiwezi kufanya hivyo. Hayo ni maji yaliyokaa juani kwanza, kwenye bwawa, kinamasi au shamba la mpunga, ndipo yakazama. Kama hazikusogea kabisa, bado una washukiwa wawili: bahari, na chumvi iliyolala kwenye tabaka za udongo.

Anza na vipimo vya bei ndogo. Azima mita ya kupima upitishaji umeme wa maji, ile ndogo ya mkononi inayosoma mikrosimensi. Asubuhi, kabla kisima hakijavutwa, washa pampu na upime maji ya kwanza, kisha kila dakika 10 kwa saa 2. Namba ikipanda taratibu kadiri unavyovuta, maji ya chumvi yanapanda kutoka chini au yanasogea kutoka pembeni, na dawa ya kwanza ni kuvuta kidogo kidogo na kuinua pampu. Ikianza juu kisha ikashuka, shuku kesingi, yaani bomba linaloshikilia kuta za kisima: huenda imepasuka karibu na juu na maji ya tabaka la juu yanajimwagia ndani pampu ikiwa imelala. Hilo linazibika, na ni huzuni kuona mtu anatelekeza kisima kizima kwa ufa wa kiungo kimoja.

Kisha omba maabara ipime kloridi na bromidi kwenye sampuli ileile. Katika maji ya bahari, kloridi ni kama mara 290 ya bromidi kwa uzito. Maji ya choo na jikoni, kwa ajili ya chumvi ya mezani, mara nyingi hupita 400. Uwiano ukikaa karibu na 290, ni bahari ya leo au chumvi ya bahari ya kale iliyobaki kwenye mfinyanzi. Hizo mbili utazitenganisha kwa kupima tena masika na kiangazi kwa mwaka mzima, ukiandika pia kina cha maji. Bahari inayoingia hupanda na uvutaji, wako na wa majirani zako. Mahali ambapo maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 za maji matamu chini yake. Ukishusha ile mita moja kwa pampu, unajua kinachofuata.

Hizi isotopu si ndiyo nyuklia? Wakipima kisima chetu wanamwaga nini ndani?
*Msomaji, Gongo la Mboto*

Hawamwagi kitu. Wanachukua maji yaliyomo, basi. Oksijeni-18 na deuteri hazina mnunurisho wowote. Zimo kwenye kila glasi uliyowahi kunywa. Tritiamu, yaani hidrojeni-3, na kaboni-14, ambazo hutumika kukadiria umri wa maji, zina mnunurisho, lakini huzaliwa zenyewe angani na kiasi chake kwenye maji ni kidogo mno, hata kuzipima tu ni kazi kubwa. Na kumbuka, kipimo hiki hakisemi kama maji ni salama kunywa. Kwa usalama pima vimelea vya kinyesi, naitreti, floraidi na chumvi kwenye maabara za ubora wa maji.

Sisi ni jumuiya ya watumiaji maji yenye visima vitatu. Tumepata mfadhili wa kulipia vipimo vya isotopu, lakini kuchukua sampuli ni juu yetu. Tufanyeje tusiharibu?
*Katibu, Toangoma*

Asante kwa kuuliza kabla, maana sampuli nyingi hufa mikononi mwa mchukuaji, na maabara haiwezi kuzifufua.

Kosa la kwanza ni kuchota kwenye simtanki. Maji yaliyokaa tangini juu ya mnara yameshapata joto, yamevukizwa, na yamechanganyika na ya jana. Chota kwenye bomba la karibu kabisa na mdomo wa kisima, kabla ya tangi na kabla ya dawa yoyote.

Kosa la pili ni kuchota mapema. Maji yaliyosimama ndani ya kesingi si maji ya ardhini tena. Yatoe mara tatu ya ujazo wake. Kesingi ya inchi 6 hubeba karibu lita 18 kwa kila mita ya maji. Kisima cha mita 40 chenye maji kuanzia mita 12 kina mita 28 za maji, yaani lita 500 hivi. Mara tatu ni lita 1,500. Pampu inayotoa lita 50 kwa dakika itahitaji nusu saa. Jaza dumu la lita 20 ukiwa na saa mkononi ujue pampu yako inatoa kiasi gani kweli, maana namba iliyobandikwa kwenye pampu ni ya pampu mpya isiyo na kimo cha kupandisha. Na maji hayo msiyamwage chini. Waiteni majirani na madumu yao. Wakati yanatoka, pima joto, pH na upitishaji umeme kila dakika 5. Namba tatu mfululizo zikikaribiana, upitishaji ukiwa haujabadilika zaidi ya asilimia 5, chota. Zikigoma kutulia, endelea kuvuta na uandike kwamba ziligoma.

Kwa oksijeni-18 na deuteri chupa ya mililita 50 inatosha. Iwe ya plastiki ngumu, yenye kizibo cha ndani na kifuniko cha nje. Chupa za maji ya dukani ni laini na zinapitisha mvuke, ziache. Suuza mara tatu kwa maji yaleyale. Kisha jaza hadi maji yavimbe mdomoni kama kikombe kilichojaa kupita kiasi, bonyeza kizibo yamwagike kidogo, kaza kifuniko. Pindua chupa, ipige kwa ukucha, uitazame kwenye mwanga. Ukiona kiputo kinapanda, mwaga urudie. Kiputo kidogo ni nafasi ya maji kuvukiza ndani ya chupa, na uvukizi ndio alama unayoitafuta. Zungushia utepe kwenye kifuniko, weka alama ya kalamu kwenye usawa wa maji, na uihifadhi mbali na jua. Haihitaji tindikali wala friji.

Tritiamu inataka lita 1, na mwenye saa ya mkononi inayong'aa gizani aivue na kuiacha mbali, kwani baadhi ya saa hizo hung'aa kwa tritiamu yenyewe. Kwa kaboni-14, maabara za kisasa zinatosheka na nusu lita hadi lita 1, lakini hapa hewa ni adui: ingiza mpira hadi chini ya chupa, acha maji yapande na kufurika kwa dakika kadhaa, ndipo uchomoe polepole na kufunga. Naitreti ndiyo yenye masharti zaidi: chuja kwa kichujio cha mikromita 0.45 hapohapo kisimani, igandishe, na uisafirishe ikiwa imeganda. Ikikaa siku mbili kwenye joto la Dar es Salaam, bakteria watakuwa wameshaila na kuibadilisha.

Andika kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko: jina la kisima, tarehe, saa. Vifuniko hubadilishana. Na tumieni sehemu ya fedha kupima mvua ya hapo hapo Toangoma, masika na vuli, kwa sababu visima vitatu bila mvua ya kulinganisha ni majibu bila swali. Chombo cha kukingia mvua kiwekeni mafuta mazito ya parafini, yale ya duka la dawa, unene wa nusu sentimita, yaelee juu ya maji yazuie uvukizi. Mafuta ya taa hayafai, huharibu kipimo. Mwisho wa mwezi mtachota maji chini ya mafuta kwa bomba la sindano.

Tunasikia maji ya tabaka la Kimbiji, kusini mwa jiji, yako mita mamia chini na ni ya kale sana. Ya kale maana yake hayaishi?
*Msomaji, Mbagala*

Mara nyingi ni kinyume chake. Maji kuwa ya kale maana yake yamechukua muda mrefu kufika yalipo, na kama mwendo ni wa polepole hivyo, unachokitoa leo hakirudi kesho. Umri peke yake hauelezi akiba ni kubwa kiasi gani. Kwa hilo unahitaji ukubwa wa tabaka, kiasi cha mvua inayozama, na jinsi usawa wa maji unavyoshuka visima vikivutwa.

Umri hupimwa hivi. Tritiamu hupungua nusu kila miaka 12.3. Majaribio ya mabomu ya nyuklia angani yaliijaza mvua tritiamu, kilele kikiwa 1963, lakini mzigo mkubwa ulibaki kaskazini mwa dunia. Huku kwetu kusini mwa ikweta ulikuwa mdogo na umeshaisha. Kwa hiyo kwetu kipimo hiki leo kina majibu mawili ya kuaminika: ipo, basi kuna maji ya miaka ya karibuni; haipo, basi karibu yote yalizama kabla ya miaka ya 1950. Atakayekuambia "maji haya yana miaka 23" kwa sampuli moja ya tritiamu, muulize amejuaje.

Kaboni-14 hupungua nusu kila miaka 5,730, na inafaa kwa maji ya miaka elfu kadhaa. Mtego wake pwani ni mawe ya chokaa na matumbawe. Kaboni ya mawe hayo haina kaboni-14 hata chembe, na maji yakiiyeyusha yanaonekana mazee kuliko yalivyo. Sampuli yenye asilimia 25 ya kaboni-14 ya kisasa husomeka miaka 11,460. Ikiwa nusu ya kaboni ile ilitoka kwenye jiwe, umri wa kweli ni miaka 5,730. Ndiyo maana ripoti nzuri huja na kaboni-13 na kemia ya maji pembeni, na hueleza imesahihisha kwa njia gani.

Kuna na hili: kisima kirefu kilichowekewa mabomba yenye matundu kwenye tabaka nne huchanganya maji ya umri wa namna nne. "Umri" unaopata hapo si wa tabaka lolote.

Mimi ni mama wa mtoto wa miezi minne. Kisima chetu kimekutwa na naitreti. Mwenye nyumba anasema ni mbolea ya bustani, mimi nadhani ni choo. Isotopu zinaweza kusema?
*Msomaji, Tandale*

Dada, kwanza mtoto. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha naitreti kuwa miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaokorogewa maziwa. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani naitreti inazidi kukolea. Kama kisima kimepita kikomo, maziwa yake yakorogwe kwa maji mengine kuanzia leo. Na angalia ripoti imeandikwaje: ikisema "naitreti kama naitrojeni", kikomo ni 11, si 50. Kuchanganya namba hizi mbili kumewatia wengi hofu bure, na wengine utulivu wa bure.

Isotopu ndiyo, husema kitu. Naitrojeni-15 ya mbolea ya viwandani huwa karibu na 0, kati ya hasi 4 na chanya 4. Ya kinyesi hupanda, mara nyingi kati ya 8 na 20. Ila haitofautishi choo cha binadamu na banda la ng'ombe au kuku, na udongo wenyewe hukaa katikati, 3 hadi 8. Tena mahali pasipo na hewa, bakteria huila naitreti nyepesi kwanza na kuacha nzito, hivyo hata naitreti ya mbolea huweza kuonekana kama ya choo. Kwa hiyo oksijeni-18 ya naitreti lazima ipimwe pamoja: zote mbili zikipanda, naitrojeni kama mara mbili ya oksijeni, ujue bakteria wamepita hapo.

Lakini kwa maoni yetu usilipie. Kama shimo la choo liko mita chache kutoka kisimani kwenye mchanga wa jiji hili, na vimelea vya kinyesi vimeonekana, umeshapata jibu. Fedha hiyo iende kwenye kuziba mdomo wa kisima kwa zege na kutafuta maji mengine ya kunywa.

Ukuta wa chini wa nyumba yetu unalowa mwaka mzima. Ni maji ya ardhini au bomba la mtaa linavuja?
*Msomaji, Mikocheni*

Hapa isotopu zinaweza kufaa sana. Maji ya bomba la Ruvu chanzo chake kikubwa ni milima ya Uluguru, inayopanda zaidi ya mita 2,600, na mvua ya milimani huwa nyepesi kuliko ya pwani. Chukua siku moja sampuli tatu: maji ya bombani, ya kisima kifupi cha karibu, na yanayotoka ukutani. Ya ukutani uchimbie kishimo yatiririke; usikamue kitambaa. Yakifanana na bomba, mafundi wa bomba waitwe. Namba ya bomba huyumba kwa msimu, kwa hiyo ya mwezi uliopita haikufai. Na hakikisha mtaa wako kweli unapata Ruvu siku hiyo, maana sehemu nyingine huchanganyiwa maji ya visima au hujaziwa na boza.

Nimepata ripoti ya visima viwili. A: oksijeni-18 hasi 3.1, deuteri hasi 12. B: hasi 1.2 na hasi 4. Nisomeje?
*Msomaji, Tegeta*

Mwaka 1961 Harmon Craig alionyesha kwamba mvua za duniani hulala karibu na mstari mmoja: deuteri ni mara 8 ya oksijeni-18, ongeza 10. Zidisha basi oksijeni-18 kwa 8 na uitoe kwenye deuteri. Kwa A, hasi 12 toa hasi 24.8 ni 12.8, karibu na ile 10: maji ya mvua yaliyozama haraka mchangani. Kwa B, hasi 4 toa hasi 9.6 ni 5.6. Iko chini ya mstari, nayo ni dalili ya uvukizi. Tazama kama kuna bwawa, shimo la kokoto lililojaa maji au kinamasi upande ambao maji yanatokea. Kwa kulinganisha na mvua ya kwetu, Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa vituo vya mtandao wa mvua wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na Shirika la Hali ya Hewa Duniani miaka ya 1960, na takwimu hizo hupatikana bure.

Ila kabla hujamlaumu mwenye bwawa, iombe maabara ikuonyeshe chupa B. Chupa iliyolegea kifuniko na kukaa wiki tatu kwenye joto hutoa namba hizo hizo. Kama maji yameshuka chini ya alama ya kalamu, chota upya.